Bunduki ya Mtumba na Kiki ya Dukani: Staa wa Majuu Kachemka Wapi?

Wadau, Insta haikulala wiki hii. Staa mmoja wa Bongo Fleva, wa zile enzi za kaseti na ringtone, ambaye siku hizi maskani yake ni Uingereza, kaibuka na picha moja tu na mji mzima ukasimama. Kalala kifudifudi kwenye majani, kavaa jaketi zito kama la fundi wa kuchomelea mageti, masikioni kaziba na vile vidude vya kuzuia kelele, na begani kaegemeza bunduki ndefu ya mbao, ya kizamani, unaweza kudhani kaichomoa kwenye Sanamu ya Askari pale Posta. Jina halitajwi hapa, mjini mnamjua. Chini ya picha kaandika maneno matano: "Sasa mtu aendelee kuongea ujinga."

"Mtu" mwenyewe hatafutwi kwa tochi. Wiki mbili nyuma msanii mwingine, mdogo kwake kiumri na mkubwa kwake kwa views, alimvisha pete mzazi mwenzie na huyu staa. Sherehe mubashara, keki ya ghorofa, shangwe. Kisha dogo akaulizwa redioni kuhusu jamaa wa majuu, akacheka, akasema mzee apumzike, analea theluji. Jibu la mzee likawa bunduki.

Povu lililomwagika kwenye komenti, acha tu. Timu yake: "Baba lao!", "Mjeshi!", mioto kibao. Timu dogo: "Gaidi huyo, polisi wa huko wamuone." Wengine wakaapa ni AK. Wengine wakasema ni ya kukodi, ya kupigia picha, kama zile gari za kwenye video. Halafu wakaingia Wakenya na stori ikabadilika kabisa. Mmoja kaandika: "Hiyo ndiyo gun ilimaliza guka wetu msituni, na wewe unapose nayo?" Ile komenti ina likes kuliko picha yenyewe.

Sasa hapa litasemwa ambalo timu zote mbili hazitalipenda. Ile bunduki haina tatizo. Kuinunua hakuna tatizo, kuilalia kwenye majani Jumapili nzima hakuna tatizo. Kilichoharibu ni yale maneno matano, na kimeharibu zaidi ya anavyofikiri.

Tuanze na kitu chenyewe, maana nusu ya waliokomenti wakapimwe macho. AK haina ukoo na ile. Ile ni Lee-Enfield, bunduki ambayo jeshi la Waingereza liliibeba tangu miaka ya 1890, na hii ya kwenye picha ni Namba 4, toleo la Vita Kuu ya Pili. Inafanya kazi kwa boliti ya mkono. Unanyanyua mkono wa boliti, unavuta, ganda linaruka, unasukuma, risasi inaingia, unapiga moja. Unataka nyingine? Rudia. Zilitengenezwa Uingereza, Kanada na Marekani kwa mamilioni, na vita ilipoisha dunia ikabaki na bunduki nyingi kuliko mabega ya kuzibeba.

Jeshi likibadilisha silaha, za zamani zinakwenda wapi? Mtumba. Neno ni hilohilo na wala sio utani. Kama vile shati la mtu wa Manchester linavyofungwa kwenye beli mpaka likatua Karume, au Land Rover ya jeshi inavyopigwa mnada ikaishia kubeba mkaa, ndivyo na bunduki. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zikagawiwa nchi rafiki, na nyingine zikauzwa kwa raia wenye vibali. Na kama ilivyo kwa mtumba wowote, kuna za kuchagua na kuna takataka.

Mbona sasa ya staa ina mtutu mnene na mbao fupi, tofauti na zile za kwenye sinema za vita? Wachache waliojua walilisema hilo kwenye komenti, hakuna aliyewasikiliza. Stori yake ni tamu, ipo hivi. Miaka ya 1950 nchi za NATO zilikubaliana kutumia risasi ya aina moja, 7.62, na jeshi la Uingereza likahamia kwenye bunduki mpya ya kujijaza yenyewe, SLR. Zile Namba 4 zilikuwa zinatumia risasi ya zamani, .303. Wapiga shabaha wakajikuta na bunduki wanayoipenda, wanaijua mpaka harufu, lakini risasi ya jeshi imebadilika. Mafundi wakafanya kile ambacho fundi wa Gerezani angefanya kwa gari zima lenye injini isiyo na spea. Wakabadilisha moyo, wakaacha bodi.

Mtutu wa zamani unang'olewa, unafungwa mpya, mzito, wa 7.62. Kichwa cha boliti kinabadilishwa, kwa sababu Namba 4 kwa bahati nzuri kichwa chake kinatoka. Mbao ya mbele inakatwa ili mtutu usiguswe na kitu na utetemeke vilevile kila ukipiga. Kile kilengeo cha vita kinatolewa, kinawekwa cha tundu dogo chenye vifundo vya kuzungusha, unasogeza kidogo kidogo kushoto, kulia, juu, chini. Kiwanda chenyewe cha Enfield kiliingia kazini. Kuanzia mwaka 1970 hivi kikatoa L39A1 kwa wanajeshi wa kushindana shabaha, L42A1 kwa wadunguaji, Envoy kwa raia na Enforcer kwa polisi. Kwenye L39A1 utakuta wengi wameacha magazini ya .303, ambayo hailishi risasi mpya vizuri, na hawajali. Wanaitumia kama sinia tu, wanaweka risasi moja moja kwa mkono. Huko hakuna haraka.

Waingereza hawakuwa peke yao. Wasweden walichukua Mauser zao za mwaka 1896 wakazigeuza kuwa bunduki safi za shabaha, CG63. Jeshi la Maji la Marekani lilichukua M1 Garand zake miaka ya 1960 likazihamishia kwenye 7.62, na mpaka leo shirika liitwalo CMP linawauzia Wamarekani Garand za jeshi, ilimradi mnunuzi awe mwanachama wa klabu na apite kwenye ukaguzi. Uswisi ndiyo balaa, maana askari akimaliza jeshi anaweza kuomba kuondoka na bunduki yake. Wanaifunga isipige mfululizo, wanaigonga herufi P, anarudi nayo nyumbani na kuendelea kupiga shabaha za mita 300 kijijini kwao. Mwaka 2011 walipiga kura kuamua kama bunduki hizi ziondolewe majumbani zikae ghalani, wananchi wakakataa. Uingereza hilo halipo. Kule silaha iliyowahi kuwa ya kupiga mfululizo haisafishiki, hata uifanye nini. Na tangu 1988, baada ya mauaji ya Hungerford, bunduki kubwa za kujijaza zenyewe zilipigwa marufuku kwa raia. Ndiyo maana mzee wa mbao na boliti bado anatamba. Sheria imefagia wadogo zake wote.

Kuna ujanja mmoja wa hii bunduki ambao ukiuelewa unaacha kuicheka. Boliti ya Lee-Enfield inajifunga kwa nyuma, sio mbele kama bunduki nyingi za shabaha. Kwenye karatasi hilo ni kasoro, kwa sababu chuma kinajinyoosha kidogo risasi inapolipuka. Lakini wazee wa shabaha wamekuwa wakisimulia miaka yote kwamba kwenye yadi 900 na 1,000 huko kujinyoosha kunasaidia. Risasi iliyo dhaifu kidogo inachelewa kutoka, na inatoka wakati mtutu umenyanyuka zaidi, hivyo inafika karibu na ile yenye nguvu. Yadi 1,000 ni mita 914. Panga viwanja vya mpira karibu tisa kwa urefu, kisha simama golini kwa kwanza utafute karatasi kwenye goli la mwisho. Bila darubini ya kulengea. Jicho, tundu na upepo.

Na mtumba wa chuma unaua kama hujui unachonunua. Shati likichanika unashona, chemba ikipasuka unashonwa wewe. Risasi ya 7.62 inasukuma kwa nguvu zaidi ya .303 ambayo ile bodi ilizaliwa nayo, kwa hiyo bunduki iliyogeuzwa lazima ipelekwe ikapimwe upya, ipigwe risasi ya majaribio yenye nguvu kupita kawaida, ikitoka salama inagongwa alama. Uingereza kazi hiyo inafanywa London na Birmingham, ile nyumba ya Birmingham ipo tangu 1813. Mnunuzi mjanja anaangalia alama kwanza, rangi ya mbao baadaye. Anaangalia kama namba ya kwenye boliti inafanana na ya kwenye bodi, maana boliti ya kuazima ni kama funguo ya jirani, inaweza kuingia na isifunge. Anampa fundi apime nafasi kati ya boliti na risasi. Anachungulia ndani ya mtutu kama umeliwa na kutu, kwa sababu risasi nyingi za zamani zilikuwa na kemikali inayoacha chumvi. Askari wa zamani walijua dawa yake, wanamimina maji ya moto mtutuni, wanakausha, wanapaka mafuta. Mpaka leo ukimkuta mzee amesimama jikoni kwake na birika na faneli, usidhani anapika chai.

Haya, kibali. Hapa ndipo wale wa "ya kukodi hiyo" waliponoa. Uingereza huendi dukani na hela ukatoka na bunduki. Kwanza unaingia klabu inayotambuliwa na serikali, unakaa kama mwanafunzi miezi isiyopungua mitatu, watu wanakuangalia. Hawaangalii unavyolenga, wanaangalia kichwa chako. Unaomba kibali polisi, unaleta wadhamini, daktari wako anaulizwa. Ofisa anakuja nyumbani, anaangalia kabati la chuma limefungwa wapi, anakunywa chai, anauliza maswali yanayoonekana ya kawaida. Unaishi na nani? Ndoa vipi? Unalala vizuri? Kibali kinadumu miaka mitano na kila bunduki inaandikwa ndani yake. Kwa hiyo ukweli usemwe, yule staa kupata ile kitu kafanya kazi. Kuna watu waliomwona Mzungu mwenye sare akikubali kwamba huyu mwanamuziki kutoka Temeke anaaminika. Hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo nyingi anazopostigi.

Na kaenda kuichezea wapi! Bisley, kule Surrey, ndiyo Makka ya huo mchezo. Chama cha wapiga shabaha cha Uingereza kilianzishwa 1859, mwaka uliofuata Malkia Victoria akapiga risasi ya ufunguzi Wimbledon, bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi ili asikose, na 1890 wakahamia Bisley. Majengo ya mbao na veranda, yaani ukitolewa kitambaa machoni unaweza kudhani ni klabu ya wakoloni Lushoto. Kila Julai wanagombea kombe la Mfalme, na bingwa anabebwa juu juu kwenye kiti kama bibi harusi wa Kizaramo. Zawadi yake ni pauni 250. Hela ambayo dogo wa pete analipia parking. Mwaka 1930 mwanamke anaitwa Marjorie Foster alilichukua lile kombe mbele ya wanaume wote, wa kwanza katika historia, enzi ambazo wanawake wa nchi kadhaa za Ulaya hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Mchezo wenyewe ni wa pole, ukienda na bando la kustream utaondoka baada ya nusu saa. Watu wanalala chini kwa mstari. Kila mmoja anapiga, anasubiri. Kule mbele, chini ya ukuta wa udongo, kuna wenzao wanashusha shabaha, wanaziba tundu, wanaweka alama, wanapandisha. Baadaye wanabadilishana zamu, msomi na dereva wa basi wote wanaingia shimoni kuvuta shabaha. Bendera zinapepea, unazisoma kama mvuvi wa Kunduchi anavyosoma mawingu. Upepo ukigeuka wakati umeshavuta pumzi, unaachia, unaanza upya. Waliomaliza JKT wanaujua utamu wa kulenga shabaha, ila JKT unapewa risasi za kuhesabu na afande yuko mgongoni. Hawa wanafanya hivyo siku nzima, wanaandika kila risasi kwenye daftari.

Sasa chukua mchezo wa namna hiyo, ambao msingi wake wote ni kwamba mshikaji mwenye bunduki ana kichwa kilichotulia, halafu uandike chini ya picha: "Sasa mtu aendelee kuongea ujinga." Umeona? Kaubomoa msingi mwenyewe.

Wapo watakaosema ni utani, ni bifu la kisanii, watu wameandika mistari mibaya zaidi kwenye ngoma zao. Kweli. Ila ngoma haina namba ya kibali. Agosti 2021, Plymouth, mtu mwenye kibali aliua watu watano kwa bunduki aliyokuwa amerudishiwa na polisi wiki chache tu kabla, na baada ya kifo chake ikaonekana alikuwa anamwaga sumu mitandaoni bila mtu kuangalia. Tangu hapo serikali ya kule iliwataka polisi wapitie mitandao ya waombaji. Familia za Plymouth zilizika watu, mmoja wao mtoto mdogo. Ofisa anayesimamia kibali cha staa akitafsiriwa yale maneno matano, na watafsiri London wamejaa, hataona utani wa Bongo. Ataona mtu mwenye silaha anayemtishia mwanaume aliyemchukua mzazi mwenzie. Akimnyang'anya, atakuwa amekosea wapi?

Na kuna la ngozi, lisemwe bila kumung'unya. Mzee wa Kizungu mwenye masharubu akiposti bunduki ya babu yake, watu wanaandika "historia". Kijana mweusi akiposti ileile, wanaandika "genge". Sio haki, na kelele zipigwe. Lakini kule klabuni, siku ya kwanza anaingia, kuna waliomtazama wakingoja akosee. Akakaa, akajifunza, akawanyamazisha kwa karatasi. Miezi yote hiyo ya kujenga jina, kisha analiuza kwa bifu la Insta lenye maisha ya siku nne. Hapo ndipo alipochemka. Anayekuja nyuma yake, Mswahili mwingine anayetaka kujiunga, atakuta mlango umebana kidogo zaidi.

Linganisha na mwanadada mmoja wa Kenya, naye hatajwi, ni muuguzi huko huko Uingereza na ana wafuasi hata elfu tatu hawafiki. Anapiga Namba 4 iliyogeuzwa, kama ya staa. Kwenye ukurasa wake hakuna hata picha moja anayomwelekezea mtu mtutu. Kuna karatasi zenye matundu, kuna bendera, kuna thermos, kuna mkono mweusi wa mafuta unashika brashi. Mwezi uliopita kaweka karatasi ya yadi 600, matundu yote yamejibana kwenye nafasi ya sufuria ya ugali, na maneno: "Upepo leo ulikuwa mkorofi." Likes 41. Dada, hizo 41 zina uzito.

Lakini ile komenti ya guka haifai kupitwa hivihivi, maana ndiyo komenti pekee yenye akili kwenye uzi mzima. Je, Mwafrika kuipenda Lee-Enfield ni usaliti?

Yule aliyeandika ana hoja. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952, askari wa serikali ya kikoloni walikuwa na bunduki za ukoo huu, zikiwemo fupi zinazoitwa Namba 5. Upande wa pili, Mau Mau waliingia msituni na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, nyingine zikimlipukia mpigaji usoni. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Mtu ambaye kwao kuna kaburi la namna hiyo akiona ile mbao, haoni mchezo. Na hakuna mwenye haki ya kumwambia "move on".

Ila kuna guka mwingine. Askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walivushwa bahari na bunduki hizohizo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Waliporudi, kiinua mgongo chao kilikuwa kidogo kuliko cha Mzungu wa cheo kilekile. Kabla yao, Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi walikufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya jeshi, na jina lao tumebaki nalo sokoni, Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, zote ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo. Sanamu pale Posta iliwekwa 1927 kwa ajili yao, singe imeelekea bandarini, na watu wanaipita kila siku wakikimbilia mwendokasi.

Kwa hiyo ile bunduki ina damu ya babu pande zote mbili, mwenye kuishika na mwenye kupigwa. Kuna wanaotaka isiguswe kabisa na Mwafrika. Basi itabaki kuwa ya nani? Ya wale wazee wenye masharubu tu, ambao wakiisimulia stori yake wanasimulia Normandy, wanasimulia Dunkirk, Kabaw wala Aberdare hawaitaji. Bora ishikwe na binti wa Nyeri anayejua ilipopita. Na mtutu uliobadilishwa, ile chemba mpya, ile mbao iliyokatwa, vyote vimeifanya iwe ya shabaha. Wakusanyaji wa vitu vya kale wanalia ikikatwa hivyo, wanasema historia imeharibiwa. Kuna historia ambayo kukatwa mbao ni adhabu ndogo.

Kosa la staa hapo ni kwamba alikuwa na hii stori yote mkononi na hakuisema. Wanaomjua kwao wanasema babu yake mzaa mama alikuwa KAR. Fikiria angeandika hilo. Jina la babu, mwaka, "leo nimepiga yadi 600 na bunduki aliyotembea nayo". Wakenya wangembishia kwa adabu, wazee wangeshea kwenye magrupu ya familia, dogo wa pete angekosa cha kujibu kwa sababu hakuna punch ya kumjibu mtu aliyemtaja babu yake. Badala yake kachagua kumtisha kijana anayeuza nyimbo. Na yule mama wa mtoto, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, anaamka asubuhi anakuta baba wa mwanae kalala na bunduki mbele ya watu laki sita. Mtoto ana miaka tisa na ana simu.

Juzi usiku picha ikafutwa. Hakuna maelezo, hakuna pole kwa mama wa mtoto, kuna tangazo la shoo ya Leicester tu. Skrinishoti zipo kila kona, kwa hiyo kufuta ni kama kudeki wakati mvua inavuja. Anachoweza kufanya bado ni kidogo na ni cha bure. Ampigie mzazi mwenzie simu. Aende klabuni aongee na viongozi wake kabla hawajaletewa na mtu mwingine. Bunduki arudishe kabatini, na akirudi kwenye majani, simu aiache kwenye gari.

Na nyie wa komenti, punguzeni matusi ya makabila, yameshaanza kunuka. Kama nyumbani kuna albamu ya zamani na ndani yake yupo babu na sare ya KAR, angalia kashika nini. Ipige picha, ilete hapa chini pamoja na jina lake na kijiji chake. Kuna wadau humu wanaojua kusoma zile alama, wanaweza kukuambia ni ya mwaka gani.